Miche ya parachichi ya kubebeshwa: unalipia kichwa, unaishi na mizizi

Nianze na hukumu, kwa kuwa huenda kuna mtu anasoma haya akiwa tayari kitaluni na mche mkononi: nunua, ila rudisha huo mrefu ulioushika, uchukue mfupi mnene ulio nyuma yake. Sababu zinafuata.

Nilinunua miche sita kwa mkupuo: miparachichi mitatu (Hass, Fuerte na Wurtz), mlimau, mpasheni na mtini. Yote ilitoka kitalu kimoja, na imekaa kwangu muda wa kutosha kutoa maua na matunda, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyeshusha mzigo jana. Jina la kitalu sitalitaja. Lawama nilizo nazo zinavihusu vitalu vingi, na sioni sababu mmoja abebe mzigo wa wote.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Narudi asubuhi, nalala, naamka alasiri. Bustani naiona kwa nyakati hizo mbili tu. Ukidhani hilo halihusiani na ubora wa miche, subiri tufike kwenye maua.

Kwanza tuelewane unacholipia ni nini. Kokwa ya parachichi inaota bila kubembelezwa, tena bure. Tatizo ni kwamba mti wa kokwa haumfuati mama yake. Kokwa ya Hass tamu kabisa inaweza kukupa mti wenye matunda ya majimaji, au yenye nyuzi, au ukabahatika ukapata tunda zuri kuliko la mama. Huwezi kujua mpaka uonje, na kuonja kwenyewe kunaweza kukusubirisha miaka 5, 8, hata zaidi ya 10. Mche wa kubebeshwa umepewa kikonyo kilichokatwa kwenye mti unaozaa tayari, kikaunganishwa juu ya mche mchanga uliooteshwa kwa kokwa. Kikonyo hicho kinajua tayari kuzaa, kinasubiri tu kupata nguvu. Mwaka wa 3 au wa 4 matunda ya kwanza huonekana. Hiyo ndiyo bidhaa: uhakika wa aina, na miaka iliyookolewa.

Uhakika huo nao una historia yake. Kila mti wa Hass unaouona leo ni kikonyo cha kikonyo cha mti mmoja. Mti huo uliota kwa kokwa huko La Habra Heights, California, kwenye shamba dogo la tarishi aitwaye Rudolph Hass. Alikusudia kuubebesha Fuerte, aina iliyokuwa ikitamba zama hizo, lakini vikonyo vikakataa kushika, akauacha ukue utakavyo. Ulipozaa, tunda lake lenye ngozi ya vipele linalogeuka jeusi likiiva likawapendeza watu, na mwaka 1935 akalisajili kwa hataza ya mimea ya Marekani namba 139. Mti mama ulikufa mwaka 2002, na kilichouua ni kuoza kwa mizizi. Vichwa vyake vimesambaa dunia nzima vikistawi juu ya miguu ya kuazima. Mti mama wenyewe, uliosimama kwa miguu yake, uliangushwa na udongo. Tangu nilipolijua hilo, mche nauangalia kuanzia chini kwenda juu.

Na chini ndiko kitalu kile kilikonivunja moyo. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alinipeleka moja kwa moja kwenye safu ya miche iliyonizidi kimo. "Mama, hii ndiyo yenyewe. Ukipanda leo, kesho unachuma." Nikainama badala ya kuinua shingo. Mizizi ilikuwa imetoboa viriba na kuzama ardhini. Ukiunyanyua mche wa namna hiyo unaikata mizizi hapo hapo, na ile iliyobaki ndani ya kiriba imeshajizungusha mduara. Mti unaweza kukaa miaka ukiwa na mduara huo tumboni, kisha upepo mmoja ukauonyesha kwamba haukuwahi kushika ardhi. Parachichi halina mizizi ya kuchezea: ile inayokunywa ni myembamba, ina vinyweleo vichache mno, na mingi imejikusanya kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu za udongo.

Basi nikachagua mifupi. Kila mmoja niliupapasa kwenye kiungo, pale kikonyo kilipokutana na shina la chini. Kidonda kilichopona nakijua kwa vidole: kovu limejaa, halina ufa, pande zote mbili zina unene unaokaribiana, na shina halikupinda pale kama goti. Miche kadhaa bado ilikuwa imefungwa ule utepe wa plastiki uliokwisha kuzama kwenye gome. Hiyo niliiacha. Utepe ukisahaulika unaunyonga mche taratibu, nawe utamlaumu mdudu asiyehusika.

Nikamuuliza kijana swali ambalo naona kila mnunuzi angeuliza: shina la chini ni la aina gani? Akacheka. "La parachichi, mama." Jibu la kweli, lakini halinisaidii. Kuna mashina ya chini yaliyochaguliwa kwa miaka mingi kwa sababu yanavumilia ugonjwa wa kuoza mizizi, kwa mfano Duke 7 na Dusa, na vitalu makini huandika jina hilo kwenye lebo kando ya jina la tunda. Lebo za pale zilikuwa na jina la kichwa peke yake. Nimewakata alama kwa hilo, na alama nyingi.

Alama nyingine nimewakata kwa karatasi ya maelekezo. Inasema chimba shimo refu, jaza samadi, panda. Ushauri huo kwa parachichi ni wa kuua. Samadi ikioza inabonyea, mche unazama nayo, na baada ya muda kiungo kimefukiwa na maji yanatuama shinani. Anayesubiri maji hayo kwa hamu anaitwa Phytophthora cinnamomi, kiumbe cha udongoni kinachozaliana kwenye unyevu uliokithiri na kula ile mizizi myembamba niliyoitaja. Ndicho kinacholeta huo ugonjwa wa kuoza mizizi, na bustani nyingi zinacho bila mwenyewe kujua.

Mimi nilifanya hivi. Nilichimba shimo la majaribio lenye kina cha nusu mita hivi, nikalijaza maji, nikaacha yanywewe, nikalijaza tena. Upande mmoja wa bustani maji yalikuwa bado yapo siku iliyofuata, kwa hiyo huko hakuna parachichi lililopandwa ardhini. Nimeinua kichuguu cha udongo wa juu, kimo cha magoti, kipana kuliko mikono yangu miwili ikinyooshwa, mti ukakaa kileleni. Kiriba nilikichana kwa wembe, sikuvuta shina. Mche ukabaki kwenye kina kile kile ulichozoea, kiungo kikiwa juu kabisa hewani. Mboji nikaitandaza juu, na juu yake matandazo ya vipande vya mbao na majani makavu, unene wa kiganja kizima, ila pembeni ya shina nikaacha uwazi. Parachichi kwa asili ni mti wa msituni uliozoea kuishi na majani yanayooza juu ya mizizi yake. Ukifagia chini ya mparachichi mpaka pakang'aa, umeuvua nguo.

Hapa niseme neno kuhusu mume wangu, kwa sababu naye ni sehemu ya mazingira ya majaribio. Yeye ni mwagiliaji wa kuzaliwa. Akiona jani limelegea, ndoo imeshajaa. "Mama Tumaini, mti wako una kiu." Ugumu wa parachichi ni kwamba jani hulegea kwa ukame na hulegea vile vile mizizi ikiwa inazama. Tuliwekeana sheria ya kidole: chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili, kikitoka na unyevu, ndoo irudi. Amani imekuwepo tangu hapo, japo jioni za jua kali namwona akizunguka na kidole chake kama daktari wa wadi. Ncha za majani zikikauka na kuwa rangi ya kahawia wakati udongo una unyevu, fikiria chumvi, iwe ya maji au ya mbolea. Dawa yake ni kumwagilia mara chache kwa maji mengi yanayopenya na kusukuma chumvi chini, badala ya vikombe vikombe kila siku.

Sasa maua.

Ua la parachichi linafunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili likiwa dume, na katikati linafunga. Aina zimegawanyika makundi mawili. Kundi A, lenye Hass, Reed na Wurtz, hufungua majike asubuhi, hufunga mchana, na maua hayo hayo hurudi yakiwa madume alasiri ya siku inayofuata. Kundi B, lenye Fuerte, Bacon na Zutano, ni kinyume: majike alasiri, madume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi Fuerte ina chavua wakati Hass inapokea, na alasiri wanabadilishana. Nyuki wanafanya zamu zote mbili. Ndiyo maana nilinunua Fuerte. Si kwamba Hass peke yake haizai. Saa za jike na dume hupishana kidogo ndani ya mti mmoja, hasa hali ya hewa ikiwa ya baridi kiasi na ratiba ikavurugika, na watu wengi wana mti mmoja tu na wanakula. Ila mwenzake akiwepo karibu, matunda yanaweza kuongezeka.

Maua yalipokuja, nikitoka kazini nilisimama pale kabla ya kwenda kulala. Hass: majike, kishina kimoja cheupe katikati, stameni, yaani vile vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, zimelala. Sawa. Nikaenda kwenye "Fuerte" nikitarajia madume yaliyosimamisha stameni zenye chavua. Nikakuta majike. Asubuhi nyingine, majike. Nikiamka alasiri, madume. Ratiba yake ilikuwa ya Hass kabisa. Hali ya hewa ilikuwa ya joto la kawaida, hakuna baridi ya kusingizia. Mche niliouziwa kwa jina la Fuerte haukuwa Fuerte.

Matunda yalipokua yalithibitisha. Fuerte huwa na umbo la peasi na ngozi laini ya kijani isiyobadilika. Haya yalikuwa ya mviringo kama mpira, ngozi nene, ya kijani vile vile. Kwa umbo na kwa ratiba ya maua, naamini ni Reed. Na sasa hivi nakuja kwenye sehemu inayoniudhi: ni tamu mno. Nyama yake imejaa, ina mafuta, haina nyuzi. Mimi niliyekuwa nimeandaa hotuba ya kwenda kukitolea kitalu kile, nikajikuta naiandaa huku nakomba kijiko.

Hotuba niliitoa hata hivyo. Kijana yule alinisikiliza, akasema hakuna mteja aliyewahi kumletea malalamiko ya saa za maua, akamwita mwenye kitalu. Mwenye kitalu, mzee mtulivu, hakubishana. Alikiri kwamba vikonyo vya mafungu mawili viliwahi kuchanganyika, akanipa Fuerte nyingine bila malipo, safari hii akinionyesha mti mama uliokatwa kikonyo. Hilo linawarudishia alama. Lakini jiulize ni wateja wangapi wana mti usio ule walioulipia na hawatajua kamwe, kwa kuwa saa za maua wako kazini.

Wurtz niliinunua kwa ajili ya chungu. Wauzaji wengi huiuza kama parachichi kibete, nayo kweli ni ndogo. Ardhini hubaki karibu na mita 3, matawi yakiinama chini. Kwenye chungu imenipa matunda machache, mazuri, na kazi nyingi. Chungu kinakauka haraka, chumvi inajikusanya haraka, na jua linapiga shina moja kwa moja. Shina la parachichi linaungua na jua kama ngozi ya mtoto. Nimelipaka rangi nyeupe ya ukuta, ile ya kuchanganya na maji, nusu kwa nusu. Mwenye kibaraza tu asisite kuinunua. Mwenye hata kipande kidogo cha ardhi aupande mti huu ardhini.

Mlimau: hauna la kusimulia, na hiyo ni sifa. Umezaa, umeendelea kuzaa. Jambo moja tu la kuangalia ni maotea yanayochipuka chini ya kiungo, mara nyingi yenye miiba mirefu na majani yasiyofanana na ya juu. Hayo ni ya shina la chini. Yang'oe yakiwa machanga, la sivyo yatameza mlimau wako nawe utabaki na mti wa miiba. Kwenye miparachichi ni hivyo hivyo: chipukizi lolote chini ya kiungo ni la kokwa isiyojulikana. Majani unayoyapogoa kwenye mparachichi usimtupie mbuzi, sungura, farasi wala ndege wa kufugwa. Yana sumu iitwayo persini.

Mtini nimejuta kuulipia bei ya mche uliobebeshwa, na naona kitalu hakikupaswa kuuuza hivyo. Mtini huota kwa kipande cha tawi kilichochomekwa udongoni. Aina za kawaida za bustanini hazihitaji hata kuchavushwa ili zizae. Omba tawi kwa jirani.

Mpasheni ndio ulionipendeza kuliko nilivyotarajia. Ni wa zambarau, ambao huweza kujichavusha. Ule wa njano huhitaji chavua ya mpasheni mwingine, na muuzaji asiyekwambia hivyo anakuuzia majani. Maua ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nikirudi kazini nayakuta wazi. Siku ambazo wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hawaonekani, napitisha brashi ndogo kutoka stameni hadi stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua, dakika chache tu, kisha nalala. Usitegemee mpasheni uishi miaka kumi. Baada ya miaka michache unachoka, kwa hiyo otesha mwingine mapema.

Kuhusu kuchuma, kitalu hakikusema kitu, na hapo ndipo watu wengi huanza kuisema vibaya miche yao. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini na kuiva likishachumwa. Ukichuma changa, halilainiki vizuri. Linasinyaa na kuwa kama mpira, halafu mtu anaandika kwamba aliuziwa aina mbovu. Chuma moja kubwa, acha mezani. Likilainika bila kusinyaa ndani ya wiki moja au mbili, mengine nayo yako tayari. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi cha tunda. Ukiwa na haraka, liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, gesi ya ndizi itaharakisha. Gumu usiliweke kwenye jokofu, baridi kali hulifanya liwe jeusi ndani. Hass ina hisani ya kusubiri mtini kwa miezi baada ya kukomaa, lakini ukiyaacha yote yakae humo mpaka maua ya msimu mwingine, mti utachoka na mwaka unaofuata utakupa machache. Tabia hiyo ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata inayo hata bila wewe kuichochea.

Swali la "mbona maua mengi yanadondoka" nimeulizwa na kila mgeni. Mparachichi mkubwa hutoa maua yanayoweza kufika milioni moja, na hata moja katika kila elfu halifiki kuwa tunda. Zulia la maua chini ya mti ni hesabu ya kawaida, hakuna dawa ya kununua.

Kwa jumla kitalu hiki nakipa alama 6 kati ya 10. Ubebeshaji wenyewe ni wa mkono hodari. Vile viungo vyote nilivyovichagua vimeshika bila ufa. Kilichowaangusha ni lebo, maelekezo, na ile miche mirefu inayozeekea kwenye viriba huku ikiuzwa ghali kuliko mingine yote. Huduma baada ya mauzo ni nzuri, kama una ushahidi mkononi. Usinunue kama udongo wako unatuamisha maji na huna nia ya kuinua kichuguu. Hapo utakuwa unalipia kichwa kitakachokufa.

Nimeagiza Hass nyingine kwao. Safari hii nimewaambia waniandikie jina la shina la chini kwenye lebo, na wanitumie picha ya kitako cha kiriba kabla sijalipa. Mzee amekubali la pili. La kwanza amesema anaulizia.